Uvimbe wa Mbavu Hautumbuliwi Gizani

Ndugu msomaji, lugha yetu imezipa mbavu heshima kubwa. Mtu asiye na nguvu za kulikabili jambo husemwa hana ubavu nalo. Aliyefurahi kupita kiasi husema amecheka hata mbavu hana. Mke naye huitwa ubavu wa mumewe. Lakini ubavu huohuo ukianza kuuma au kuvimba, heshima hiyo huishia hapo hapo. Hupakwa mafuta, hufungwa kitambaa, huchanjwa kwa wembe, na mwenyewe huambiwa avumilie kwa kuwa "ni kichomi tu".

Leo tunataka kusema neno juu ya kichomi hicho. Maumivu ya mbavu na uvimbe wake ni dalili ya mambo mengi, mengine mepesi ya kupita na mengine ya kuua. Kinachoyatenganisha ni maswali machache ambayo kila zahanati na kila nyumba inaweza kuyauliza kabla mtu hajashika wembe. Pale yasipoulizwa, mgonjwa hutibiwa gizani, na anayetibiwa gizani mara nyingi hufikishwa hospitali akiwa amechelewa.

Tumeichagua Msowero iwe kioo chetu. Msowero ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, katika njia itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini. Ni nchi ya mahindi na mpunga, na jirani wa wakulima ni wafugaji wa ng'ombe. Upande wa kusini iko Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa huikata hifadhi ya wanyama kwa kiasi cha kilometa 50. Nchi hii inayajua vilevile mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliwatoa maelfu ya wananchi wa Kilosa katika nyumba zao, na mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara ya Morogoro na Dodoma karibu na Dumila. Kwa hiyo mahali hapa panakutana mambo yote yanayoziumiza mbavu za Mtanzania: jembe na mzigo mzito, pikipiki na barabara kuu, mbu wa malaria, maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa, na safari ya kwenda hospitali ambayo wakati wa masika haina uhakika.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya bara peke yake. Mkwezi wa minazi wa Unguja na mchumaji wa karafuu wa Pemba wanazijua mbavu zilizovunjika pengine kuliko mkulima wa Msowero. Na kifua kikuu, ambacho ndicho hasa tunachokikusudia katika makala haya, hakijapata kuulizwa kitambulisho bandarini.

MBAVU NA KAZI YAKE

Binadamu ana mbavu 24, yaani jozi 12, na hesabu hiyo ni moja kwa mwanamume na kwa mwanamke. Jozi saba za juu zimeshikamana na mfupa wa kidari kwa gegedu, ule mfupa laini unaonyumbulika. Jozi tatu zinazofuata hushikilia gegedu ya mbavu zilizo juu yake, na jozi mbili za mwisho zina ncha zisizoshikamana na kitu kwa mbele. Kati ya ubavu na ubavu ipo misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ndani ya kizimba hicho yamo mapafu na moyo. Chini yake upande wa kulia limejificha ini, na upande wa kushoto bandama.

Mpango huu ndio unaotufanya tukosee. Mgonjwa hugusa mahali pamoja na kusema "hapa", lakini hapo anapogusa pana ngozi, misuli, mfupa, gegedu, mshipa wa fahamu, utando wa pafu, na kiungo kingine kilicho chini zaidi. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuwa ndicho kinacholia. Kusema "naumwa mbavu" ni sawa na kusema "kelele zinatoka sokoni". Ni kweli, lakini bado hatujajua nani anapiga kelele, wala kwa sababu gani.

PIGO, MZIGO NA KIKOHOZI

Sababu iliyo dhahiri zaidi ni kuumia. Mtu ameanguka kutoka mtini, amegongwa na pikipiki, amepigwa pembe na ng'ombe, au amebeba gunia kwa namna isiyofaa. Ubavu uliopasuka huuma mtu anapovuta pumzi, anapokohoa na anapocheka, na mahali penyewe huvimba na kuwa pachungu pakiguswa. Kikohozi kikali cha muda mrefu nacho chaweza kuvunja ubavu bila pigo lolote, hasa kwa wazee ambao mifupa yao imepungua nguvu.

Ubavu uliovunjika bila kujeruhi kitu kingine hupona wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi. Hatari iko kwa jirani zake. Ncha ya mfupa inaweza kulitoboa pafu, na hapo hewa au damu hujaa kifuani na mgonjwa hukosa pumzi. Mbavu za chini za kushoto zikivunjika, bandama inaweza kupasuka na kutoa damu ndani kwa ndani, pengine baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa, wakati mgonjwa amekwisha ambiwa kuwa yu salama. Kwa hiyo mtu aliyeanguka, kisha akaanza kuona kizunguzungu, kutoka jasho la baridi, kupauka au kuhema, asilazwe nyumbani kungoja asubuhi.

Ipo desturi moja ambayo wenye elimu ya tiba wameiacha, nayo ingali inaendelea vijijini na mijini. Ni kule kumfunga majeruhi kifua kwa kitenge au bandeji iliyokazwa sana. Mfungo huo hutuliza maumivu, lakini humzuia mtu kuvuta pumzi ndefu. Makohozi hutuama, na nimonia hufuata. Linalotakiwa ni dawa ya kutuliza maumivu, pumzi ndefu mara kwa mara, na kukohoa huku mtu amekumbatia mto ubavuni.

Hatuna budi pia kutaja pigo ambalo halitajwi. Wako wanawake wanaofika zahanati na mbavu zilizovimba wakasema "nilianguka kisimani", kumbe mkono uliowaangusha ni wa mtu wa nyumbani. Mhudumu wa afya aulize kwa upole na kwa faragha, mume akiwa nje ya chumba. Na pale inapohitajika ile fomu ya polisi iitwayo PF3, tunasema wazi: mtu asiyeweza kupumua atibiwe kwanza, karatasi ifuate.

GEGEDU, NGOZI NA MISHIPA

Yako maumivu yanayotisha lakini hayana hatari kubwa. Gegedu inayoziunganisha mbavu na kidari inaweza kuwashwa na uvimbe mdogo usioonekana, na mtu akasikia maumivu makali mbele ya kifua, yanayozidi akibonyezwa kwa kidole. Mara chache zaidi gegedu ya ubavu mmoja, hasa wa pili au wa tatu kutoka juu, huvimba kwa kuonekana. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1921 na daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Alexander Tietze, nayo huitwa kwa jina lake hadi leo. Zote mbili hupoa kwa mapumziko na dawa za maumivu, ijapokuwa huweza kuchukua wiki au miezi.

Mkanda wa jeshi nao huanzia mbavuni. Mgonjwa husikia moto upande mmoja wa kifua kwa siku kadhaa, kisha malengelenge hutokeza kwa mstari kama mkanda. Wengi huamini kuwa ncha mbili za mkanda huo zikikutana mtu hufa. Imani hiyo haina msingi. Ugonjwa huu huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho hubaki kimelala katika mishipa ya fahamu kwa miaka mingi na kuamka kinga ya mwili inaposhuka. Kwa sababu hiyo kijana mwenye mkanda wa jeshi hushauriwa apime virusi vya UKIMWI, na dawa ya kukipunguza nguvu kirusi hicho hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu malengelenge kutokea. Anayepakwa majivu kwa wiki nzima huipoteza nafasi hiyo.

YALIYO NDANI YA KIZIMBA NA CHINI YAKE

Neno kichomi, kwa maana yake ya asili, linasema kweli: ni maumivu yachomayo kama mkuki kila pumzi inapoingia. Mara nyingi hayo ndiyo maumivu ya utando wa pafu uliowashwa na nimonia. Yakija pamoja na homa, kikohozi na kuhema, mgonjwa anahitaji dawa za kuua vijidudu siku hiyo hiyo. Kwa mtoto mchanga ambaye hawezi kusema "nachomwa", mbavu zenyewe husema: sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mama aonaye hivyo asisubiri. Tangu mwaka 2013 nchi yetu hutoa kwa watoto chanjo ya kuzuia vijidudu vinavyoongoza kuleta nimonia kali, na mtoto asiyekamilisha chanjo hiyo ameachwa bila ngao.

Upande wa kulia, chini ya mbavu, ini linaweza kuvimba kwa homa ya ini, kwa jipu la amiba, au kwa saratani. Upande wa kushoto bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara na kwa kichocho cha tumbo. Hapa ndipo bara na visiwani tunapotofautiana kidogo. Zanzibar imeipiga vita malaria hata maambukizo yakashuka chini ya asilimia moja ya watu, lakini katika mabonde ya mito ya Morogoro mbu bado ana kazi. Daktari wa visiwani anayempokea mgonjwa mwenye bandama kubwa amwulize ametoka wapi na alikaa huko muda gani.

Watoto na vijana wenye seli mundu nao hupatwa na maumivu makali ya mbavu damu yao inapokwama ndani ya mifupa na mapafu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kichomi cha mtoto wa namna hiyo, kikiambatana na homa au kuhema, ni jambo la hospitali. Mzee ambaye ubavu wake unamuuma usiku na mchana bila kuanguka, huku akikonda, achunguzwe saratani, kwani saratani ya matiti na ya tezi dume hupenda kuhamia katika mifupa.

Na yako maumivu mawili yasiyongoja hata saa moja. La kwanza ni la mtu mzima anayebanwa kifua upande wa kushoto au katikati, maumivu yakapanda begani, mkononi au tayani, naye akatoka jasho. Huo waweza kuwa moyo. La pili ni la mama aliyejifungua karibuni, au mtu aliyelala kitandani muda mrefu, ambaye ghafla anachomwa ubavuni na kukosa pumzi. Hilo laweza kuwa donge la damu lililosafiri kutoka mguuni hadi pafuni.

JIPU LISILO NA MOTO

Sasa tumefika kwenye lengo letu. Waswahili husema dawa ya jipu ni kulitumbua, na katika mambo ya uongozi msemo huu umewahi kutumika kwa mapana katika nchi yetu. Katika mbavu, msemo huo una hatari.

Jipu la kawaida lina moto, lina wekundu, lina maumivu makali, na hukua kwa siku chache. Lakini kuna uvimbe mwingine unaojitokeza juu ya ubavu polepole, kwa wiki na miezi. Ukiguswa ni laini, hauna moto, na maumivu yake ni madogo. Madaktari huuita jipu baridi. Usaha uliomo ndani yake mara nyingi ni wa kifua kikuu kilichoingia katika ubavu, katika gegedu, au katika tezi zilizo nyuma ya kidari. Kifua kikuu cha mbavu si cha kawaida kama kile cha mapafu. Hiyo ndiyo sababu hupotea machoni, kwa kuwa mgonjwa wake huenda asikohoe hata kidogo, na wote wanaomzunguka wamezoea kukitambua kifua kikuu kwa kikohozi.

Jipu hilo likitumbuliwa kwa wembe nyumbani, au hata kwa kisu safi bila dawa za kifua kikuu, jeraha halifungi. Hubaki tundu linalotoa maji na usaha miezi na miezi, vijidudu vingine huingia, na ugonjwa wa asili huendelea kuula mfupa. Mgonjwa huambiwa amerogwa kwa sababu kidonda chake hakiponi. Kumbe kidonda kinasema ukweli wake kila siku, hakuna anayekisikiliza.

Mahali kama Msowero pana mlango mwingine wa ugonjwa huu. Kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumpata binadamu kwa maziwa mabichi, na aina hiyo hupenda kushambulia tezi na mifupa kuliko mapafu. Maziwa mabichi huleta pia bruselosi, maradhi ambayo kwa ng'ombe husababisha kutupa mimba, na kwa binadamu huleta homa za kuja na kwenda, uchovu na maumivu ya mgongo na viungo. Kinga ya yote mawili ni sufuria na moto. Hatudharau mila ya mfugaji. Tunamwomba ayachemshe maziwa, kisha ayanywe kwa heshima ileile.

NCHI YETU ILIUFUNDISHA ULIMWENGU

Lingekuwa jambo la aibu kama Tanzania ingeshindwa katika hili, maana historia yetu ni ya fahari. Mwaka 1977 Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Msingi wa mpango ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: makohozi yapimwe kwa hadubini katika wilaya, dawa zisikatike, mgonjwa asimamiwe anywe dawa zake, na kila mgonjwa aandikwe katika daftari mpaka ijulikane amepona, amefariki au amepotea.

Wako waliosema kuwa nchi maskini haiwezi kazi hiyo. Hospitali na zahanati zetu zilionyesha kuwa inaweza. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua mafunzo yaliyopatikana hapa nyumbani na kuyafanya nguzo ya mkakati wake wa dunia nzima, uliojulikana kwa jina la DOTS.

Morogoro yenyewe imeongeza sura nyingine katika historia hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa makohozi na kukitambua kifua kikuu. Kazi hiyo imehudumia vituo vya afya vya nchi hii tangu 2007. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, na zile anazozitilia shaka hurudiwa na wataalamu wa maabara. Kwa njia hiyo wamegunduliwa wagonjwa wengi ambao hadubini ilikuwa imewapita. Ipo pia mashine ya GeneXpert, itoayo jibu kwa muda wa saa mbili na kuonyesha kama vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa kuu. Usaha uliofyonzwa kwa sindano kutoka katika uvimbe wa ubavu unaweza kupimwa humo kama yanavyopimwa makohozi.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Dawa za ugonjwa huu hutolewa bure. Matibabu ya mapafu huchukua kwa kawaida miezi sita, na ya mifupa huweza kuzidi hapo. Kwa hiyo anayekufa kwa kifua kikuu katika nchi yetu mara nyingi hafi kwa kukosa fedha za dawa. Hufa kwa kuchelewa kujulikana.

WEMBE NA CHUKU

Tuseme pia juu ya tiba za jadi, na tuseme kwa adabu. Kuchanja chale ubavuni na kupaka dawa, kuumika chuku, kukanda kwa maji ya moto: haya ni mambo waliyoturithisha wazee, na mengine hutuliza. Maji ya uvuguvugu juu ya misuli iliyochoka hayana ubaya. Lakini wembe uliotumika kwa watu wawili huweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Chuku iliyowekwa juu ya ubavu uliovunjika huongeza jeraha, na chale juu ya jipu baridi hufungua mlango ambao hakuna wa kuufunga.

Waganga wa jadi ni watu wanaoaminiwa vijijini, na mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mgonjwa. Ni busara zaidi kuwafanya wawe wapeleka wagonjwa kuliko kuwafukuza. Mganga aliyefundishwa kuutambua uvimbe usio na moto, akamwelekeza mtu zahanati, ameokoa maisha na hajapoteza heshima yake hata chembe.

MASWALI YA KUULIZA

Tunapendekeza maswali matano, ambayo mtu hahitaji cheti cha uganga ili ayaulize. Je, maumivu yalianza kwa pigo au anguko? Je, yamekaa chini ya wiki mbili au zaidi? Je, kuna homa, jasho la usiku, kikohozi au kukonda? Je, uvimbe una moto na wekundu, au ni wa baridi unaokua polepole? Je, mgonjwa anahema, anapauka au anatoka jasho sasa hivi?

Swali la mwisho likijibiwa ndiyo, mtu apelekwe hospitali bila kungoja. La tatu au la nne likielekeza kwenye kifua kikuu, apelekwe kupimwa, hata kama hakohoi. Aliyeanguka aangaliwe kwa karibu siku kadhaa. Maumivu mepesi yasiyo na lolote katika hayo yapewe mapumziko na dawa ya maumivu, na yasipopoa kwa wiki mbili nayo yafikishwe kwa tabibu.

WAJIBU WA VIONGOZI

Tunawageukia sasa viongozi wa Serikali na wa Chama, wa bara na wa visiwani.

Kwanza, picha ya eksirei na kipimo cha usaha visiwe bahati ya anayekaa mjini. Iwapo zahanati ya kata haiwezi kuwa navyo, na ni kweli kwamba zote haziwezi, basi pawe na siku maalumu na usafiri maalumu wa kuwapeleka wagonjwa au sampuli zao wilayani. Sampuli ndani ya kisanduku husafiri kwa nauli ndogo kuliko mgonjwa na mwangalizi wake. Na masika yakikaribia, mpango huo uandaliwe kabla mito haijafurika.

Pili, mtu aliyeumia kazini akumbukwe. Mkwezi na mchumaji wa karafuu huipatia nchi fedha za kigeni kwa kuhatarisha mbavu na uti wa mgongo wake, na kamba imara na mafunzo ya kupanda ni rahisi kuliko fidia na mazishi. Vijana wa bodaboda nao wadhibitiwe mwendo na mzigo, kwa faida yao kwanza.

Tatu, elimu. Mwaka 1973 taifa letu liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio na kwa vikundi vya kusoma, na watu wapatao milioni mbili walikaa chini ya miti na katika madarasa kujadili afya zao, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba wana na wajukuu wa watu wale hawawezi kujadili kifua kikuu cha mifupa, maziwa ya kuchemsha na kitenge kinachofungwa kifuani. Redio zipo, simu zipo mifukoni, wahudumu wa afya wa jamii wapo. Kilichopungua ni kiongozi wa kuwakutanisha na kukaa nao mpaka mwisho wa mkutano.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023. Mwananchi ataipima sheria hiyo kwa jambo dogo: je, atakapofika na ubavu uliovimba, atapigwa picha, au ataambiwa aende akatafute fedha kwanza?

Ndugu msomaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaongeza kwamba wako wengi ambao hawakuyaficha maradhi yao. Waliyaonyesha kwa mke, kwa jirani, kwa mganga na kwa muuza dawa, na wote wakayaita kichomi. Basi ukimsikia mwenzio analalamika ubavu, iwe Msowero, iwe Makunduchi, iwe Wete, usimpe jina la ugonjwa kabla hujamwuliza maswali. Muulize, msikilize, tazama uvimbe wake katika mwanga, kisha mshike mkono muongozane zahanati.